Ngao, Majaribio na Uhakiki: Tanzania katika Juhudi za Mataifa Sita za Kuondoa Silaha za Nyuklia, 1984–1988

1.0 Utangulizi

Historia ya Vita Baridi aghalabu huandikwa kana kwamba wenye sauti walikuwa Washington na Moscow pekee. Mataifa yasiyo na silaha za nyuklia hutajwa kama watazamaji, na methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia hutumika kueleza nafasi yao. Makala haya yanachunguza tukio linaloitilia shaka picha hiyo, yaani ushiriki wa Tanzania, kupitia Mwalimu Julius Nyerere, katika Juhudi za Mataifa Sita. Hoja kuu ni kwamba mchango mkubwa wa juhudi hizo haukuwa wito wa amani, kwa kuwa wito wa namna hiyo ulikwishatolewa mara nyingi. Mchango huo ulikuwa pendekezo kwamba mahasimu wasioaminiana wanaweza kupatana iwapo mtu wa tatu, asiye na kombora, atasimama kati yao kama mpimaji.

2.0 Usuli: Hofu ya Nyuklia Barani Afrika

Suala la nyuklia halikuwa geni kwa Afrika. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, katika Sahara ya Algeria. Miaka minne baadaye, Julai 1964, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana Cairo walitoa tamko la kutaka bara zima lisiwe na silaha hizo. Kwa Tanzania, hatari ilisogea karibu zaidi mwaka 1977, ilipobainika kwamba serikali ya makaburu ilikuwa imeandaa eneo la majaribio katika jangwa la Kalahari. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja huo. Hivyo bomu la Afrika Kusini halikuwa jambo la nadharia kwa mji uliowahifadhi wapigania uhuru.

Zanzibar nayo ilikuwa na somo lake. Kwa makubaliano ya mwaka 1960 kati ya Uingereza na Marekani, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury kilijengwa Unguja. Kazi yake ilikuwa kuwasiliana na wanaanga wa Marekani waliopita juu ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, wapinzani wake visiwani walikiona kuwa kituo cha makombora ambacho kingeifanya Zanzibar shabaha ya vita. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume iliagiza kiondolewe. Kwa mtazamo wa makala haya, jambo la msingi si kama hofu ile ilikuwa sahihi. Jambo la msingi ni kwamba mitambo ilisimamishwa kwa makubaliano ya wakubwa wawili, na wenyeji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki walichoambiwa. Pasipo uhakiki, maelezo ya kweli na ya uongo huwa na uzito mmoja.

3.0 Kutoka Tamko la 1984 hadi Delhi

Tarehe 22 Mei 1984 viongozi sita walitoa tamko la pamoja: Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Meksiko, Indira Gandhi wa India, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Olof Palme wa Sweden na Nyerere wa Tanzania. Waliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasitishe kuzijaribu, kuzitengeneza na kuzisambaza, kisha yazipunguze kwa kiasi kikubwa. Indira Gandhi aliuawa Oktoba mwaka huohuo, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe, Rajiv Gandhi, aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Delhi tarehe 28 Januari 1985.

Azimio la Delhi lilitilia mkazo hatua mbili: kuzuia mashindano ya silaha katika anga za juu na kufikia mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Uteuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Tarehe 23 Machi 1983 Rais Ronald Reagan alikuwa ametangaza mpango wa kutafuta ngao ya kuzuia makombora, ikiwa ni pamoja na mitambo ya angani.

4.0 Ngao kama Chanzo cha Shaka

Kwa waliobuni mpango huo, ngao ilikuwa kinga. Kwa upande wa Kisovieti, ngao hiyohiyo ilikuwa tishio, kwa kuwa mwenye ngao anaweza kupiga bila kuogopa kupigwa. Mantiki hii ndiyo iliyouzaa Mkataba wa mwaka 1972 wa kudhibiti mifumo ya kuzuia makombora, ambao kwao Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikubali kubaki bila kinga kamili ili kila upande usishawishike kuanza vita.

Zaidi ya hayo, ngao na majaribio vilifungamana kiufundi. Mojawapo ya silaha zilizotafitiwa chini ya mpango wa Reagan, mtambo wa miale ya eksirei, ilihitaji nishati ya mlipuko wa nyuklia, na utafiti wake ulifanyika kwa milipuko ya chini ya ardhi huko Nevada. Kwa hiyo, kupiga marufuku majaribio kungeugusa pia mpango wa ngao. Mataifa sita yalipoziweka hatua hizi mbili pamoja, yaligusa kiini cha mgogoro.

5.0 Pendekezo la Uhakiki

Mikhail Gorbachev alisitisha majaribio ya nchi yake kwa upande mmoja kuanzia tarehe 6 Agosti 1985. Marekani haikufuata. Hoja mojawapo iliyotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya marufuku kamili ilikuwa kwamba milipuko midogo ya chini ya ardhi ingeweza kufichwa. Mataifa sita yaliijibu hoja hiyo kwa vitendo. Oktoba 1985 yaliwaandikia Reagan na Gorbachev yakiwaomba wasitishe majaribio kwa miezi 12, na yakajitolea kusaidia kuhakiki usitishaji huo.

Palme aliuawa Stockholm tarehe 28 Februari 1986. Nyerere, aliyekwishang'atuka urais Novemba 1985, aliendelea kuwa miongoni mwa viongozi hao sita. Mkutano wa Ixtapa, Meksiko, Agosti 1986, ulitoa waraka mahususi kuhusu uhakiki: wataalamu wa nchi sita wangeshirikiana na wenyeji kuweka vipima mitetemo ya ardhi katika maeneo ya majaribio ya mataifa hayo mawili, na vituo vilivyomo katika nchi zao vingeongeza usikivu. Kwamba jambo hilo liliwezekana lilionekana mwaka huohuo, wanasayansi wa Marekani waliporuhusiwa kuweka vipimo karibu na eneo la majaribio la Semipalatinsk.

Moscow iliupokea waraka huo vyema; Washington iliukataa, ikishikilia kwamba majaribio ni ya lazima maadamu usalama wake unategemea silaha za nyuklia. Jibu hilo linafichua jambo muhimu. Ugumu wa uhakiki ulipopatiwa dawa, ilionekana kwamba kikwazo hakikuwa uhakiki pekee, bali pia nia. Mnamo Oktoba 1986, huko Reykjavik, Reagan na Gorbachev walikaribia makubaliano makubwa ya kuondoa silaha, lakini walishindwana kwa sababu ya ngao: Gorbachev alitaka utafiti wake ubaki ndani ya maabara, Reagan akakataa. Februari 1987 majaribio ya Kisovieti yalianza tena.

6.0 Mipaka ya Juhudi Hizo

Tathmini ya haki haina budi kutaja udhaifu wa mataifa sita yenyewe. India ilikuwa imelipua kifaa cha nyuklia Mei 1974. India, Argentina na Tanzania zilikuwa nje ya Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1991 tu. Mkosoaji angeweza kuuliza ni kwa haki gani nchi zilizokataa kufungwa na mkataba huo zilijitolea kuwakagua wengine. Zaidi ya hapo, Tanzania ya miaka ile ilikuwa na uchumi uliodhoofika, na utaalamu wa kupima mitetemo ulitoka hasa kwa Sweden. Mtaji wa Tanzania ulikuwa heshima ya Nyerere na msimamo wa nchi wa kutofungamana na upande wowote. Mtaji huo ulifungua milango, lakini haukutosha kumlazimisha yeyote.

7.0 Hitimisho

Juhudi za Mataifa Sita hazikusimamisha jaribio hata moja la Marekani. Hata hivyo, wazo lao liliishi zaidi yao. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati wa tarehe 8 Desemba 1987 uliruhusu wakaguzi kuingia katika ardhi ya hasimu, ingawa walikuwa wakaguzi wa mahasimu wenyewe. Nafasi ya mtu wa tatu ilipatikana katika Mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Mkataba huo haujaanza kutumika rasmi, lakini mtandao wake wa vituo unafanya kazi, na kimojawapo, cha kunasa chembe za mionzi hewani, kipo Dar es Salaam.

Ulinganisho wa kituo hicho na kile cha Unguja unatoa funzo. Vyote viwili ni mitambo ya kisayansi inayohudumia mambo ya mbali. Kile cha mwanzo kilitumikia mradi wa upande mmoja na kikazua hofu. Hiki cha sasa ni sehemu ya mfumo ambao takwimu zake hupatikana kwa kila nchi mwanachama, ikiwemo Tanzania. Marekani ilijiondoa katika Mkataba wa 1972 mwaka 2002, na ule wa 1987 ukakoma mwaka 2019. Katika hali hiyo, swali la Ixtapa bado ni hai: uaminifu kati ya mahasimu hautangulii ukaguzi, bali hujengwa nao, na kazi ya kupima haipaswi kuachiwa tembo peke yao.