Falsafa kwa Njia ya Mbali: Dokezo la Kihistoria kutoka Kitale na Bungoma

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watu wa Kitale na Bungoma walivyoifikia falsafa ya kiwango cha juu tangu katikati ya karne iliyopita, na kuuliza ni kitu gani kinachopotea mwanafunzi anapoisoma akiwa mbali na mwalimu wake. Siku hizi suala hili huzungumzwa kana kwamba limezaliwa pamoja na intaneti. Sivyo. Chuo Kikuu cha London kilifungua milango ya shahada zake kwa watahiniwa wa nje mwaka 1858, na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, chenye makao yake Pretoria, kikaanza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Umbali katika elimu una umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyetu vyenyewe.

Yafaa tuanze na mtu aliyesafiri. Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 huko Kimilili, Bungoma, akasomea historia, falsafa na elimu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na kurejea nyumbani katikati ya miaka ya 1950. Kijana wa Kibukusu aliyetaka kuisoma falsafa katika darasa la chuo kikuu ilimlazimu avuke nusu ya bara, tena aingie nchi iliyokuwa ikiyakaza masharti ya ubaguzi wa rangi mwaka baada ya mwaka. Aliporudi alifundisha katika chuo cha ualimu cha Siriba, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Wengi humkumbuka kwa siasa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza waliosoma falsafa darasani.

Kwa waliobaki nyumbani, njia ilikuwa bahasha. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo kwa posta huko Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi, kwa nia ya kuwainua hasa walimu wa shule za msingi. Kitengo hicho hakikufundisha falsafa, wala tusikipambe kwa sifa isiyo yake. Lakini kilijenga mazoea: somo lililochapishwa, vipindi vya redio, na zoezi lililotumwa na kurudishwa likiwa limesahihishwa. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, mazoea hayo yalikuwa tayari. Nchini Tanzania sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992.

Tuitazame kidogo ile karatasi iliyorudi. Pembeni palikuwa na maandishi ya mtu aliyesoma na akapinga: kwa nini unasema hivi? Umethibitisha wapi? Jibu lilichelewa, lakini lilikuja, nalo lilimlenga mwandishi wa zoezi wala si mwingine yeyote. Mimi niliyepata kusoma shahada ya pili ng'ambo nakiri kwamba faida kubwa niliyoipata haikuwa vitabu, bali kukatizwa kauli mbele ya wenzangu.

Wakati huohuo ipo falsafa iliyosafiri kinyume, kutoka kijijini kwenda chuoni. Henry Odera Oruka, aliyepata shahada ya uzamifu Uppsala mwaka 1970, alirudi Nairobi na kuongoza utafiti wa kuwahoji wazee wenye hekima katika jamii mbalimbali za Kenya, Waluhya wakiwamo. Kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga kilitoka mwaka 1990; yeye mwenyewe alifariki mwaka 1995. Oruka alitofautisha aina mbili za wazee. Wa kwanza anaijua hekima ya jamii yake na kuieleza barabara. Wa pili anaijua vilevile, ila anaihoji na kuipima kwa akili yake. Huyo wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa.

Tofauti hiyo hutusaidia kuikwepa dhana moja iliyozoeleka, kwamba elimu ya jadi ilikuwa majadiliano matupu na kwamba mashine ndiyo imeleta mhadhara wa upande mmoja. Miongoni mwa Wabukusu kuna kumuse, hotuba itolewayo siku chache baada ya maziko ya mzee. Msemaji hushika fimbo, hutembea mbele ya watu, hueleza asili ya ukoo, mauti, na wajibu wa walio hai. Hadhira hukaa kimya, wala hapana anayemkatiza. Je, huu si mhadhara? Mahojiano huja baadaye, wazee wanapouzunguka mtungi wa busaa na mirija yao, na mmoja akasema kwamba pale msemaji aliteleza. Kwa maoni yangu mhadhara uliorekodiwa una mfano wa kumuse. Kinachokosekana ni mtungi.

Mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Mombasa mwaka 2009, na gharama za mawasiliano zikaanza kushuka. Chuo Kikuu cha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, kilipata hati yake mwaka 2015. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na masomo yakahamia kwenye simu kwa pupa kabla ya walimu wengi kuandaliwa. Mwaka 2023 Kenya ikapata Chuo Kikuu Huria chake. Basi leo mkazi wa Kitale aweza kumsikiliza mwanafalsafa wa Accra au London bila kupanda basi. Hili si jambo dogo, nasi hatuna haja ya kulibeza.

Lakini anamsikiliza kwa lugha gani? Hapa ndipo suala linapotuhusu sisi wa idara za lugha. Mahojiano ya Oruka yalifanywa aghalabu kwa lugha za wazee wenyewe, yakachapishwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Bungoma humfikia mzee wa kwao kupitia lugha ya tatu, na Kiswahili hukaa kando. Alexis Kagame wa Rwanda alionyesha gharama yake. Alidai kwamba ile kauli mashuhuri ya Descartes haikamiliki katika lugha za Kibantu, kwa kuwa kitenzi cha kuwa hudai kijalizo: kuwa nini, au kuwa wapi? Kiswahili chathibitisha. Tukitafsiri "nafikiri, kwa hiyo nipo", kiambishi -po ni cha mahali. Mwanafunzi makini atauliza mara moja: upo wapi?

Swali hilo si mchezo wa maneno. Ni hoja halali dhidi ya fikra iliyojitenga na mwili na mahali, na aliyefundishwa kwa Kiingereza pekee huenda asiione kamwe, hata kama anaisema lugha inayoidokeza kila siku. Kezilahabi aliyajua haya. Tasnifu yake ya mwaka 1985 huko Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, na riwaya zake Nagona na Mzingile zikaendeleza mawazo hayo kwa Kiswahili. Riwaya hizo tunazifundisha kama fasihi. Sijaona sababu ya kutozisomesha katika kozi ya falsafa kwa njia ya mbali, pamoja na rekodi za kumuse zilizofasiriwa moja kwa moja kutoka Kibukusu, huku mwalimu akilazimika kumjibu kila mwanafunzi kwa maandishi, kama zamani za bahasha.