Bunduki ya Mrusi Ilizaliwa Wapi?



Katika mkusanyiko wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, mwenzetu mmoja alitoa picha ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye alipata kufanya kazi kusini wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Katika picha wamesimama vijana wanne, kila mmoja na bunduki yake. Hapo ubishi ukaanza. Mmoja wetu alisema hizo ni bunduki za Mrusi, kwa hiyo Mrusi ndiye aliyezitoa. Mwingine akasema la, ni za Mchina. Mpaka jua linazama hakuna aliyeshinda. Nami, kwa kuwa nimezeeka katika kazi ya majalada, niliahidi kuleta majibu katika kurasa hizi.

Kwanza yafaa tutenganishe maswali mawili ambayo siku ile tuliyachanganya. Nani aliitengeneza bunduki? Na nani aliitoa? Kila mtumishi wa masjala anajua kwamba barua iliyoandikwa wizara moja yaweza kupitia ofisi nne kabla ya kufika mezani kwake. Bunduki nayo husafiri hivyo hivyo.

Tuchukue ile bunduki ndefu kupita zote katika picha. Ni ya aina ya Mosin-Nagant, iliyokubaliwa na jeshi la Urusi mwaka 1891. Jina lake linatokana na Sergei Mosin, ofisa wa Kirusi, na Léon Nagant, Mbelgiji. Bunduki za aina hii zilizopata kutengenezwa zinakadiriwa kufikia milioni 37. Lakini tangu mwanzo hazikuwa za Mrusi peke yake. Viwanda vya Tula, Izhevsk na Sestroretsk vilikuwa havijawa tayari, hivyo serikali ya Urusi iliagiza shehena ya kwanza kubwa kutoka kiwanda cha Châtellerault, Ufaransa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, viwanda vya Urusi vilishindwa kutosheleza jeshi. Basi Urusi iliagiza bunduki zaidi ya milioni 3 kutoka Marekani, kwa makampuni ya Remington na New England Westinghouse. Mapinduzi ya mwaka 1917 yakavunja mikataba hiyo kabla kazi haijamalizika, na serikali ya Marekani ikanunua bunduki zilizobaki viwandani. Askari wa Marekani waliopelekwa Arkhangelsk mwaka 1918 walipewa bunduki hizo hizo. Yaani Mmarekani alikwenda Urusi na bunduki ya Kirusi iliyotengenezwa Marekani! Angepigwa picha siku ile, sisi leo tungesemaje?

Finland nayo ilipojitenga na Urusi ilirithi na kuteka bunduki nyingi za aina hii. Wafini walizifumua, wakaweka mitutu mipya, na tangu mwaka 1942 wakazipiga chapa ya herufi SA, yaani mali ya jeshi la Finland. Lakini mwili wa bunduki, ule mhimili wa chuma unaobeba mtutu na bolti, hawakuutengeneza kamwe. Walitumia ile ile ya zamani.

Mwaka 1930 Wasovieti waliitengeneza upya bunduki hii, na vipimo vya shabaha vikageuzwa kutoka arshini za kale kuwa mita. Katika Vita Kuu ya Pili zilitoka kwa mamilioni, nyingi kutoka Izhevsk. Baada ya mwaka 1945 zikakusanywa, zikapelekwa karakana za jeshi, zikafumuliwa, zikasafishwa, zikapakwa vanishi na grisi, kisha zikafungiwa ghalani. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, maghala ya Urusi na Ukraine yaliuza akiba hiyo nje. Marekani ziliingia kwa wingi mno hata moja ikauzwa kwa chini ya dola 100.

Sasa, mtu akishika bunduki ya namna hiyo, ataijuaje asili yake? Ataanza na chapa zilizo juu ya mtutu. Nyota yenye mshale ndani ni Tula. Pembetatu yenye mshale ndani ni Izhevsk. Pembeni yake pana mwaka. Kama iliingia Marekani baada ya sheria ya silaha ya mwaka 1968, itakuwa pia na jina la mwagizaji na nchi ilikotoka.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Katika karakana, bolti ya bunduki hii ilifungwa kwenye bunduki ile, na kitako cha ile kikapewa ya tatu. Kisha nambari za zamani zilifutwa au kukatwa kwa mstari, na nambari ya mtutu ikapigwa upya juu ya kila kipande. Hivyo nambari zinazolingana si ushahidi kwamba vipande vilizaliwa pamoja. Ni ushahidi kwamba fundi alifanya kazi yake.

Mwenye kutaka ukweli hana budi kufungua skrubu, kuinua chuma kutoka kwenye mti, na kutazama mkia wa mwili wa bunduki kwa upande wa chini. Huko kuna chapa nyingine ya kiwanda na mara nyingi mwaka mwingine. Mtutu waweza kusema 1942, na mkia ukasema Remington. Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Turudi kwenye picha yetu. Zile bunduki tatu nyingine ni za aina ya Simonov, ziitwazo SKS. Wasovieti walizitengeneza Tula tangu mwaka 1949, na tangu mwaka 1956 China nayo ikazitengeneza kwa msaada wao. Ukiona singe iliyochongoka kama msumari, mara nyingi ni ya China, ingawa zile za kwanza kabisa za Tula zilikuwa na singe ya namna hiyo. Singe za katika picha ni bapa, na za bapa zilitengenezwa kote kuwili. Chapa hazionekani. Kwa hiyo, ndugu zangu, picha haiwezi kuamua, na wote tuliobishana tulisema kuliko tulichokiona.

Hata chapa zingeonekana, zingetuambia kiwanda tu. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na misaada ya nchi mbalimbali ilipitia mikononi mwake. Bunduki ya Tula yaweza kutolewa na nchi isiyo Urusi, kama vile kitabu kilichopigwa chapa London kilivyoweza kutufikia sisi shuleni kutoka mkono wa mfadhili mwingine kabisa.

Jambo hili si la mabishano ya mezani tu. Hata leo silaha ikikamatwa mpakani, watu huwa wepesi kuitaja nchi iliyoitengeneza kana kwamba ndiyo iliyoituma, na majirani huweza kukosana kwa sababu ya chapa isiyosomwa sawasawa. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu kuzipiga silaha alama si wakati wa kutengenezwa tu, bali na wakati wa kuingizwa nchini, na kutunza kumbukumbu zake. Alama bila leja ni nusu ya habari.

Mwenzetu aliyetuletea picha aliniuliza kwa simu kama basi nimwandikie nyuma yake, "Bunduki za Urusi". Nilimshauri aandike kwanza majina ya wale vijana wanne, maana mama yake bado yu hai na anawakumbuka wawili. Bunduki zitangoja.