Homa ya Papasi na Dawa Zake

Homa ya papasi huletwa na Borrelia duttonii, bakteria aliyejisokota, ndugu wa yule wa ugonjwa wa Lyme unaosumbua Ulaya na Marekani. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hufyonza damu kwa dakika chache na kurejea mafichoni. Homa hupanda siku tatu hivi, hukatika, kisha hurudi baada ya wiki moja hivi, kwa kuwa bakteria hubadilisha protini za gamba lake na kinga ya mwili haimtambui tena.

Mwaka 1904 watafiti Ross na Milne waliihusisha homa hiyo na papasi huko Uganda. Mwaka uliofuata Dutton na Todd walilithibitisha jambo hilo mashariki mwa Kongo. Wote wawili waliugua, na Dutton akafia Kasongo. Bakteria huyo ana jina lake. Naye mtafiti Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aligundua kwamba bakteria hupita hadi kwenye mayai ya papasi.

Tiba ya mwanzo ilikuwa aseniki. Watafiti Ehrlich na Hata waliijaribu dawa yao ya aseniki, 606, iliyouzwa kuanzia 1910 kwa jina Salvarsan, dhidi ya homa za jamii hii pia. Ilikuwa sumu kali. Penisilini, kisha tetrasiklini, zilichukua nafasi yake. Homa ya jamii hii inayoenezwa na chawa mara nyingi hutibiwa kwa dozi moja. Ya papasi huhitaji siku 7 hadi 10 za doksisiklini, au erithromaisini kwa wajawazito na watoto wadogo. Bakteria akifika kwenye ubongo, hutumika seftriaksoni ya mshipa, kama ilivyo kwa Lyme. Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa huweza kutetemeka na shinikizo la damu kushuka, hivyo asiachwe peke yake.

Willy Burgdorfer, aliyemtambua bakteria wa Lyme mwaka 1982, alikuwa amesomea udaktari wa falsafa huko Basel kwa kumchunguza papasi huyuhuyu wa Afrika.

Kuutambua ugonjwa huu si rahisi penye malaria. Huko Kombewa, magharibi mwa Kisumu, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014, kila homa hushukiwa kuwa malaria kwanza, na ni haki. Lakini kipimo cha haraka hutafuta protini za malaria tu, na dawa za malaria haziponyi homa ya papasi. Tone nene la damu lililotiwa rangi ya Giemsa huonyesha vimelea vyote viwili, mradi damu itolewe mgonjwa akiwa bado na joto.