Stesheni Iliyojengwa Kuijibu Kisumu

Stesheni ya kwanza ya Mwanza ilikuwa Kisumu. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, iligota ukingo wa Ziwa Victoria Desemba 1901, na mzigo wa Usukuma ambao zamani ulikwenda pwani mabegani mwa wapagazi ukapata njia ya mkato: unapakiwa melini Mwanza, unashushwa Kisumu, unapanda treni hadi baharini. Meli za Waingereza, Winifred, Sybil na Clement Hill, zikawa zinazunguka ziwa zima kuokota ngozi, karanga na baadaye pamba. Mwanza ilikuwa ya Wajerumani na Kisumu ya Waingereza, lakini mfanyabiashara hakutazama bendera. Alitazama nauli.

Wajerumani waliliona hilo na liliwauma. Koloni lao lilikuwa linailisha reli ya jirani. Hata hivyo, Reli ya Kati waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ilielekea Ziwa Tanganyika: ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, ikaiacha Mwanza kando kwa mamia ya kilomita. Walikuwa na mpango wa tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda, na kazi ilianza mwaka huohuo wa 1914. Vita vikaikatisha. Mwanza yenyewe ilitekwa na Waingereza Julai 1916 bila kuwahi kusikia honi ya treni.

Hapo ungetegemea Waingereza waiache Kisumu iendelee kula, maana sasa pande zote mbili za ziwa zilikuwa mikononi mwao. Haikuwa hivyo. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, ina hazina yake, na reli yake haikuwa na mzigo wa kutosha. Kila robota la pamba lililovushwa kwenda Kisumu lilikuwa pato la Kenya. Donald Cameron, gavana aliyefika mwaka 1925, alikuwa pia mpinzani mkali wa mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, na reli ya kwenda Mwanza iliwiana vizuri na siasa yake. Ilitandikwa kutoka Tabora kwenda kaskazini, ikapita Shinyanga, ikapenya katika nchi ya pamba kwa Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, na mwaka 1928 ikafika ziwani. Kutoka Tabora ni kama kilomita 380. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya 1,200.

Hizo 1,200 ndizo zilizokuwa tatizo. Kisumu hadi Mombasa ni pungufu ya kilomita 950, na meli za ziwani zilibaki mali ya reli ya Kenya na Uganda. Stesheni mpya ilivuta pamba ya Usukuma kuelekea Dar es Salaam, lakini kahawa ya Bukoba, ambayo lazima ipande meli kwa vyovyote, iliendelea kwa wingi kuelekea Kisumu. Kwa hiyo ni nusu ukweli kusema kwamba reli ilimaliza utegemezi wa zamani. Iliupunguza. Faida yake kubwa zaidi ilikuwa bara kuliko bandarini, kwani mkulima wa Malampaka sasa aliweza kuona mahali pamba yake inapoondokea. Kutoka katika nchi hiyohiyo, wakulima waliochoshwa na mizani za wanunuzi walianza kujipimia wenyewe, wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao jina lake haliwezi kutajwa bila Paul Bomani.

Mwaka 1948 reli za nchi tatu ziliunganishwa, na ushindani wa Mwanza na Kisumu ukahamia ndani ya nyumba moja. Jambo ambalo mafundi wa Wajerumani na wa Waingereza hawakulipanga pamoja likaanza kuzaa matunda: pande zote mbili zilikuwa zimetandika reli za upana wa meta moja. Katikati ya miaka ya 1960 zikaja MV Umoja na MV Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha. Behewa lilisukumwa likaingia melini Mwanza na kutoka Kisumu, Jinja au Port Bell bila gunia hata moja kuguswa. Kwa kuwa mwaka 1963 Reli ya Kati ilikuwa imeungwa na reli ya Tanga kati ya Ruvu na Mnyusi, behewa la Mwanza liliweza kufika Mombasa kwa njia mbili: kwa kuvuka ziwa hadi Kisumu, au kwa kuzunguka Tabora, Ruvu, Mnyusi, Kahe na Voi. Njia ya pili hakuna mwenye akili ambaye angeichagua, lakini ilikuwepo.

Mpangilio huo wote ulidumu kama muongo mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na meli zikagawanywa kama mali za ndoa: Umoja na meli ya abiria Victoria zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Shirika jipya la Reli Tanzania likarithi njia ndefu yenye mabehewa machache. Abiria wa Mwanza waliendelea kupita Tabora, ambako treni hukatwa, mabehewa mengine yakienda Kigoma na mengine kaskazini, huku wauza asali wakipita madirishani. Mkataba na kampuni ya RITES ya India, ulioanza mwaka 2007, haukudumu. Mafuriko ya Desemba 2009 yalibomoa njia upande wa Kilosa, na stesheni ya Mwanza, iliyo mbali na Kilosa kwa mamia ya kilomita, ikakosa treni ya Dar es Salaam kwa ajili ya mvua isiyoinyeshea. Mwaka 2018 MV Umoja ilirudishiwa kazi yake ya kuvusha mabehewa hadi Port Bell.

Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka. Sherehe ilifanyika Fela, wilayani Misungwi. Njia hiyo ya kilomita 341, zikihesabiwa na za kupishania, ilikabidhiwa kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Upana wake ni milimita 1,435. Reli zilizo kwenye sitaha ya Umoja bado ni za meta moja, hivyo behewa la reli mpya halitaweza kuzipanda. Mzigo wake wa Uganda utapaswa kushushwa Mwanza na kupakiwa upya.