Carl Rogers na Haki ya Mteja Kusikilizwa

Waswahili husema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana hiyo ndiyo aliyoifikia Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 huko Oak Park, karibu na Chicago. Alianza kwa masomo ya kilimo, akapitia yale ya dini, hatimaye akatua katika saikolojia.

Kuanzia mwaka 1928 aliwahudumia watoto wenye matatizo mjini Rochester. Huko alishindwa kumwelekeza mama wa mvulana mmoja mkorofi, wakakubaliana kuacha. Akiwa anatoka, mama aliuliza iwapo watu wazima nao hupokelewa. Akarudi kitini, akaeleza machungu ya ndoa yake, tofauti kabisa na maelezo yake ya awali. Tangu hapo Rogers alimwachia mwenye kuumwa aongoze njia.

Ndiyo sababu alipendelea neno "mteja" badala ya "mgonjwa". Alimtaka mtaalamu awe mkweli wa nafsi, amkubali mtu bila masharti, na ayaone mambo kama mwenyewe ayaonavyo. Wala hakutaka kuaminiwe maneno matupu: alinasa mazungumzo ya tiba kwenye sahani za santuri, na katika kitabu chake cha mwaka 1942 akachapisha neno kwa neno mikutano yote ya mteja mmoja.

Utafiti wake wa Wisconsin, uliowahusu wagonjwa wa akili waliolazwa hospitalini, haukuzaa matunda aliyoyatarajia. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1987, aliwaachia waganga na walimu swali zito: je, ujuzi humpa mtu haki ya kusema kabla ya kusikiliza?