Kipokezi

Mtu wa Gitega au Muyinga akisema mshipa unamuuma, hujui ni wa damu au wa fahamu. Hata umutsi wa Kirundi hubeba yote mawili. Kwa neva tunahitaji neno makini zaidi, nami nashikilia kipokezi: protini juu ya seli inayonasa kichocheo cha ukuaji wa neva alichogundua mwanasayansi Rita Levi-Montalcini. Kipokezi hicho huitwa TrkA, na mtoto aliyekirithi kikiwa kibovu hahisi maumivu. Meno yakiota, hujing'ata ulimi hadi vidonda. Jeni ya kipokezi hicho iligunduliwa kwanza katika saratani ya utumbo mpana, miaka ya 1980: imekatika, imeungana na nyingine, inaamuru seli zigawanyike bila kupokea chochote. Dawa ya larotrectinib, iliyoidhinishwa Marekani 2018, hukizima kipokezi hicho popote uvimbe ulipo.