Kutu ya chesisi ya Land Rover kuukuu

Land Rover za zamani zinahadaa. Bodi ni ya alumini, haina kutu nyekundu, kwa hivyo gari laonekana zima. Chesisi yake ni ya chuma, imechomelewa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani, na chumvi ya pwani hula kutoka ndani kuja nje.

Mimi huanza na nyundo ndogo. Nagonga kote, hasa chuma cha kukingama cha nyuma na mikono inayoshika bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingine nyundo huzama. Hapo pakatwe, pachomelewe chuma kipya. Wapo mafundi wanaoziba kwa pati na kupaka rangi juu. Huko ni kumuuzia mtu ajali.

Kutu ya juu juu huondoka kwa brashi ya waya na msasa. Funika pua, vumbi la rangi za zamani huenda lina risasi. Kisha osha kwa maji ya mvua au ya mfereji. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na ukioshea hayo umerudisha ulichokitoa. Kausha, futa kwa thina, upake praima ya redi oksaidi siku iyo hiyo, mara mbili. Rangi ya mafuta ifuate.

Mwisho, pulizia oili ndani kupitia matundu, nayo usiitie kabla ya kuchomelea, maana huwaka. Vitundu vya kutolea maji usivizibe. Pesa zikipungua, punguza kwenye rangi, si kwenye chuma.